Kumbeba Winchi

Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu tumboni. Mama anasema hata kuzaliwa nilisitasita, mkunga akachoka kunisubiri. Kazini wasiwasi wangu una faida. Natengeneza miwani, na mtu asiye na wasiwasi huzipoteza zile skrubu ndogo zote kabla hata duka halijafunguliwa vizuri. Nyumbani haukuwa na faida yoyote, maana nyumbani kulikuwa na baba.

Baba alikuwa mchukuzi wa samani. Wenzake walimwita Winchi, kwa sababu makabati na majokofu alikuwa akiyapandisha ngazi peke yake huku anapiga mluzi. Kisha kiharusi kikampooza upande mmoja, Winchi akawa mtu wa kubebwa. Asubuhi anatolewa kitandani anawekwa kwenye kiti cha magurudumu, jioni anarudishwa, na katikati hapo kuna safari za chooni. Aliyembeba ni kaka yangu, dereva wa lori, ambaye kifua chake kinaziba mlango. Kazi yangu mimi ilikuwa kushika kiti kisiteleze. Mtaani wananiita Njiti, na sijawahi kumlaumu aliyelianzisha hilo jina.

Siku moja kaka akarudi na habari kwamba kampuni yao inamhamishia mkoa mwingine, mwisho wa msimu. Shangazi, dada yake baba, alipopata habari alipiga simu hapohapo.

"Mleteni kwangu," alisema. "Wanangu wana miili. Hapo kwenu atabaki na nani, na yule mtoto wa upepo?"

Baba alikuwa anasikiliza. Kiharusi kilikuwa kimemwachia ulimi mzito kidogo, lakini aliyasema maneno yake yakaeleweka. "Nyumba hii nimeijenga mwenyewe. Mkinitoa humu nikiwa hai, mjue mmeniua."

Mama akaanza kulia. Mimi mdomo ukanitangulia akili. "Nitambeba mimi."

Kaka alicheka mpaka akashika ukuta. "Wewe? Wewe ukishika ufagio, mdogo wangu, hatujui ufagio ni upi."

Jioni ileile nikajaribu. Nikapitisha mikono kwapani mwa baba, nikavuta. Alinyanyuka nusu, magoti yangu yakakunjika, tukaanguka kitandani, yeye juu mimi chini. Kaka alimwondoa juu yangu kama anavyoondoa godoro.

"Kamba hukatikia pembamba," baba alisema akihema. "Usiniguse tena mpaka uwe na mwili."

"Wembamba wa reli, baba, garimoshi hupita."

"Reli imelala chini. Wewe unatakiwa usimame."

Nililala na hofu moja tu: kwamba baba ataondoka nyumbani kwake kwa sababu ya mikono yangu.

Kesho yake nikaenda jimu, ile iliyo nyuma ya gereji. Kocha alikuwa mama mmoja mfupi, mpana, aliyewahi kushindana kunyanyua vyuma enzi za usichana wake. Alinitazama juu mpaka chini, safari ambayo haikumchukua muda, akanipa chuma kitupu, bila hata sahani moja pembeni. Nacho kikanitingisha. Wanaume wenye shingo nene waligeuka kutazama, wakarudi kwenye vioo vyao kwa adabu, na adabu yao iliniuma kuliko kicheko.

Nilikwenda kila siku. Usiku kabla ya kulala nikapiga pushapu sakafuni, asubuhi nikakimbia kwenda kazini. Mwisho wa mwezi nikapanda kwenye mizani ya Kocha. Nilikuwa nimepungua.

"Unakula nini?" Kocha akauliza.

"Chai na mkate. Nikiwa na wasiwasi chakula hakipiti."

"Na unakuja hapa kila siku ya Mungu!" Akapiga makofi kwa mshangao. "Mwanangu, hapa unabomoa tu. Kujenga unajengea mezani na kitandani. Leo njoo, kesho pumzika. Na ukishiba, ongeza vijiko kadhaa."

Niliyasema maneno hayo mezani nyumbani, mbele ya wote. Mama hakupoteza muda. Mayai yakaja, maziwa yakaja, maharage yakaja kwenye bakuli la kuoshea mchele. Nilikula kama mtu anayemeza dawa. Nilipoinua kichwa, baba alikuwa ameisukuma sahani yake mbele yangu kwa ule mkono wake mzima. Nyama ilikuwa bado haijaguswa.

"Malizia na hiki," alisema. "Mimi nakaa tu kutwa nzima. Nile ili nikimbie wapi?"

"Baba, kula."

"Nimeshashiba kwa kukutazama. Kula, Njiti. Muda hautusubiri."

Nikala. Nilifurahi, lazima niseme, kwa sababu tangu siku ile ya kuangushana hakuwa amenipa neno jema. Ikawa ndiyo desturi ya meza yetu. Sahani yake inafika, anaonja, anaisukuma. Mama alilalamika mara mbili tatu, baba akamkatiza kwa jicho.

Mwili ukaanza kuitikia. Mashati yakanibana mabegani. Mteja mmoja dukani aliniuliza kama nina pacha mwembamba aliyekuwa akikaa hapo zamani. Chuma kitupu kikapata sahani, sahani zikaongezeka, na Kocha akaniletea gunia la mchanga.

"Hili ndilo baba yako," alisema. "Likumbatie. Mtu hana mpini."

Nililikumbatia, likaniponyoka, nikalikumbatia tena. Ungedhani nilipoona misuli nilitulia. Wapi! Kadiri nilivyoongezeka, ndivyo baba naye alivyokua kichwani mwangu. Nikinyanyua gunia, nasema baba ni zaidi ya hili. Nikiongeza mchanga, nasema bado. Nilimwona akiteleza mikononi mwangu, kichwa chake kikielekea kwenye ukingo wa kitanda, na skrubu zikaanza kunidondoka kazini.

Cha ajabu ni kwamba baba mwenyewe sikumtazama. Alinikataza nisimguse, nami nikatii. Siku za jimu nilirudi nikamkuta kashalazwa. Mezani alikaa na blanketi miguuni na lile koti lake nene la kazi, limefungwa mpaka shingoni, na ndevu alizokataa kunyolewa zilikuwa zimemfunika mashavu. Kaka alijisifu, "Siku hizi namwinua kama mchezo. Nimeota misuli bila kwenda jimu!" Tulicheka wote. Baba alicheka kutupita.

Siku ya kaka kuondoka, shangazi alikuja na gari. Alikaa sebuleni na mkoba mapajani, wanawe wawili wakisubiri nje mlangoni.

"Mimi sina maneno mengi," alisema. "Akimbeba vizuri, abaki. Akishindwa, kaka yangu naondoka naye sasa hivi."

Tukaingia chumbani. Mama alimvua baba koti ili lisininase, akashika kiti. Kaka akasimama nyuma yangu. "Nikiona unatetemeka tu, nadaka."

"Usiniharakishe."

Shangazi alisimama mlangoni. Nikatanua miguu, nikakunja magoti, nikamkumbatia baba kifuani kama nilivyofundishwa. Ndevu zake zikanikuna shingo.

"Haya, Njiti," alisema.

Nikavuta kwa nguvu zote nilizokuwa nimezikusanya kwa ajili ya Winchi, na nusura tuende wote mpaka ukutani. Kaka alinyoosha mikono kudaka, hakukuwa na cha kudaka. Miguu ya baba ilikuwa inaning'inia. Nilikuwa nimemwinua na kupitiliza.

Hakuwa na uzito. Kupitia shati nilishika mbavu, mbavu tupu, na mgongo uliochomoza mfupa kwa mfupa. Gunia la Kocha lilimshinda uzito kwa mbali. Niliwaza kwamba nimekosea, kwamba nimeshika nusu yake tu, nikamtazama mama. Mama alikuwa ameinamia kiti, anafuta mkono wa kiti uliokuwa safi.

"Kumbe anaweza!" shangazi akasema mlangoni. "Mungu mkubwa. Basi, abaki kwake."

Wachukuzi hawabebi kabati na droo zake. Huo ndio utaratibu wao; kama ngazi ni nyembamba na kijana anayeshika upande wa chini hana nguvu, wanatoa droo kwanza, moja moja, mpaka kabati liwe ganda. Baba alikuwa amefanya kazi hiyo maisha yake yote. Nilikumbuka nyama, mayai, maharage, na jinsi nilivyokuwa nikipangusa sahani yake kwa mkate, na miguu ikaanza kunitetemeka kweli. Nilijiona mwizi. Nilitaka kupiga kelele, lakini shangazi alikuwa bado amesimama pale.

Baba alileta mdomo wake sikioni mwangu. Alikuwa na wasiwasi, mimi wasiwasi naujua hata gizani.

"Mzito?" aliuliza.

"Mzito, baba," nikasema. "Mzito sana."

Nikaanza kuhema kwa nguvu, ili anisikie.