Mwizi Wetu

Sharika nyingine zina kwaya inayosifika. Sisi tulikuwa na mwizi. Alibatizwa kwa jina la Yoeli, lakini stendi nzima ya Makambako ilimjua kama Remmy, na kabla hajaokoka hapakuwa na zizi kati ya Kitandililo na Wanging'ombe alilolionea haya. Aliwaswaga mbuzi wa watu mpaka barabara kuu, akawapakia kwenye lori, kukikucha wako mbali. Alifungwa, akatoka, akabatizwa mbele yetu. Tulishangilia, mimi mmojawapo, na sijutii. Mtu aliyeacha wizi ni wa kushangiliwa.

Ila sisi hatukujua kuacha. Akija mgeni, Remmy ashuhudie. Semina ya vijana, Remmy. Harambee ya bati, Remmy. Mzee Abrahamu, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, alimpangia ratiba kama mpiga muziki. Na kila aliposhuhudia mbuzi waliongezeka, kwa sababu akisema anamshukuru Mungu kwa kazi yake ya kufyatua matofali watu walipiga miayo, akirudi zizini gizani benchi zote zinasogea mbele. Akaomba kuimba kwaya, akaambiwa akomae kwanza. Akaomba siku moja naye apitishe kapu la sadaka. Wazee wakatazamana, mmoja akacheka, na hilo ndilo likawa jibu. Mdomo wake tuliutaka madhabahuni, mkono wake hatukuutaka karibu na kapu.

Mimi nakumbuka mambo. Nakumbuka mbolea ya kijiji iliyoyeyuka ghalani, mahindi ya watu yakawa ya njano msimu mzima. Aliyeshika ufunguo wa ghala lile anakaa benchi la mbele hadi leo, na hajaitwa kushuhudia hata siku moja.

Mwaka jana binti wa Yoeli, Anneth, alikuwa darasa la kipaimara. Wenzake wakawa wakimpita wanalia kama mbuzi. Si watoto wabaya wale, ni sisi tuliowafundisha kila Jumapili. Anneth akamwambia baba yake kwamba kipaimara hataki tena, na kanisani hataki tena. Yoeli akaniomba nimsindikize kwa Mzee Abrahamu. Alikuwa na ombi moja tu, kwamba siku ya kipaimara asiitwe mbele, akae na wazazi wenzake, amtazame mtoto wake. Mzee akamshika bega, akasema hilo ni dogo mno. Kwa ahadi hiyo Anneth akarudi darasani.

Jumapili yenyewe mvua ilinyesha tangu alfajiri, na mgeni kutoka Njombe alifika gari lake limejaa tope mpaka vioo. Watoto wakapiga magoti, wakawekewa mikono. Yoeli, katika koti la kuazima, alilia kimyakimya kama baba yeyote. Nikajisemea, leo imepita.

Haikupita. Kabla ya baraka Mzee Abrahamu akachukua kipaza sauti, akasema mgeni wetu hawezi kurudi Njombe bila kusikia jinsi Bwana alivyomtoa ndugu yetu Remmy zizini. Watu wakacheka, wakaanza makofi. Kwenye safu ya watoto mvulana mmoja akalia mee, kidogo tu. Anneth akainama mpaka ua la kwenye nywele zake likaanguka.

Yoeli akaenda mbele. Akakipokea kipaza sauti, akakishika kwa mikono miwili.

"Bwana Yesu asifiwe. Naitwa Yoeli. Mimi ni baba yake Anneth." Akamtazama Anneth. "Basi."

Mzee akatabasamu kwa mgeni, akamhimiza aendelee, aanze hata na wale mbuzi wa bibi mwenye koroboi, maana hapo ndipo watu hupapenda.

"Mzee, leo nina hayo tu."

Akarudi kukaa. Hakuna aliyepiga makofi.

Kwetu, ibada ikiisha, mazao na mifugo iliyotolewa sadaka hunadiwa nje ya kanisa, na mnadishaji ni mimi, kwa mdomo niliojaliwa. Jogoo aliyetolewa na Yoeli aligombewa siku zote. Watu waliulizana kama huyu kweli ni wa halali, wakacheka, wakapandisha dau. Siku hiyo nikamwinua juu, nikaita. Kimya. Nikaita tena. Wakatazama tope la viatu vyao. Mzee Abrahamu akaninong'oneza nimweke chini, nianze na maboga.

Pembeni nilimwona Anneth anavuta mkono wa koti la baba yake. Yoeli akageuka kuelekea njia ya kwao, na nilijua wakiondoka namna ile hatutawaona tena.

"Hivi siku zote mlikuwa mnanunua jogoo," nikauliza, "au mlikuwa mnanunua mbuzi?"

Ndipo umati ukapasuka, akatokea Bibi Esnath na mwavuli wake uliovunjika mbavu. Huyu ndiye bibi mwenye koroboi. Ni mjane. Zizi lake lilisombwa lote, akatoka na koroboi akakuta mlango unapepea. Miaka yote hiyo alilisikiliza jambo hilo likisimuliwa akiwa benchi la nyuma, na hakuna aliyewahi kumwuliza lolote.

"Lete jogoo huyo."

Mzee Abrahamu akamwambia kwa upole kwamba si lazima, mama.

"Abrahamu, walioibiwa ni mbuzi wangu. Wewe ulipiga makofi tu." Kisha akamgeukia Yoeli. "Na wewe sijakusamehe. Najaribu, nachoka, naanza tena. Lakini kila wanapokusimamisha pale, wananitolea mbuzi wangu zizini upya. Leo ndiyo mara ya kwanza wamelala zizini."

Yoeli hakuweza kumtazama. Bibi akafungua fundo la kitenge chake, nikapokea bila kuhesabu. Jogoo akamkabidhi Anneth ambebee, maana yeye mkono hauna nguvu.

"Baba yako naye aje kesho na misumari. Mlango wa zizi umeoza." Akafungua mwavuli. "Njia anaijua."

Anneth ndiye aliyecheka kwanza, akajiziba mdomo, kisha akaacha kujiziba. Wakashuka njiani watatu, gauni jeupe likiburura tope, Yoeli nyuma yao akiwa ameshika ule mwavuli ambao haukumkinga mtu.

Mzee Abrahamu akanisogelea. Alitaka kujua kama Remmy atakuwa amepoa kufikia Jumapili ijayo, maana tuna wageni. Nikamwuliza, na yeye je, ule ufunguo wa ghala la mbolea siku hizi anauweka wapi.

Akaniambia niendelee na mnada, watu wanalowa.

Nikainua boga.