Kucha za Mkono wa Kulia

Ijumaa hiyo watu walipotoka msikitini, hoteli ya Mama Sharifah pale soko la Koboko ilijaa mpaka wengine wakala wamesimama. Swadiki alikuwa jikoni anasonga enyasa, ule ugali mweusi wa muhogo na mtama, mwiko ameushika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliufunga kavera, mfuko wa plastiki, tangu asubuhi. Aliyeuliza aliambiwa ameungua.

Hakuungua. Ndani ya kavera kulikuwa na kucha nne, wa kidole gumba na za vidole vitatu, alizozilea miezi mitatu. Kila jioni alizisugua kwa karatasi ya msasa, akazielekeza kwenye mwanga kama mtu anayechagua maharage. Ule wa kidole kidogo aliukata, maana kidole hicho hakina kazi kwenye gita.

Alifundishwa hivyo na Bruda Natale kule Arua, mmisionari mzee aliyemchukua akiwa mtoto wa askari asiye na karo, akamkalisha kitini na gita la nyuzi za nailoni, mguu mmoja juu ya kibao. Mwaka wa kwanza hakupiga wimbo hata mmoja. Alijifunza kukaa, na kuvuta uzi mmoja mmoja kwa ukucha mpaka usikike safi. Miaka tisa hivyo. Halafu Bruda akafa, na tangu siku hiyo Swadiki hakupata mtu wa kumwambia hapo umekosea. Koboko walimwita harusini mara moja. Gita lisilo na spika halikusikika. Walicheka kidogo, wakawasha redio.

Shule moja ya Arua ilitaka mwalimu wa muziki. Mkuu wa shule alimsikiliza amefumba macho, alipoyafumbua akaomba cheti. Cheti anakitoa mtahini anayekuja kutoka Kampala mara moja kwa mwaka, na angefika Arua kesho saa tatu asubuhi. Mwaka jana Swadiki alivunja kucha mbili akilima shambani Lobule, wiki ileile ya mtihani. Ndiyo maana aliacha jembe akaja kupika.

Sasa Concy, anayepeleka chakula mezani, hakuja kazini. Mama Sharifah akamwambia Swadiki apeleke yeye. Kwenye meza ya mbele alikaa Mzee Swaib, askari mstaafu, na pembeni yake afisa wa afya wa mji, Enoch, ambaye alikuja kukagua kila Ijumaa na hakuwahi kulipia nyama. Swadiki alimwogopa afisa tu. Akauficha mkono wa kulia mgongoni, akamwekea mzee sahani kwa wa kushoto. Hakufikiri. Kichwa chake kilikuwa Arua.

Watu wakaacha kutafuna.

"Kijana," alisema Mzee Swaib. "Mimi iko mbwa, unanipa chakula na mkono ya kushoto?"

Swadiki akaomba radhi, akasema ameungua. Mzee akataka kuona, akalivuta lile kavera kwa vidole viwili, polepole kabisa, kama anamfungua mgonjwa. Kucha ndefu zikaonekana.

Enoch akamwita. Akamuuliza, kwa sauti ya kusikika na wote, iwapo anangoja kuposwa kama msichana, na watu wakacheka.

"Iko ya gita, afisa. Kesho iko mtihani. Kesho jioni nakata yote."

"Fomu yangu haina gita. Iko safi, iko chafu."

Swadiki akaomba basi leo asiguse chakula, aende nyuma akachanje kuni. Enoch akatazama mlango. "Unakata, ama hii hoteli nafunga sasa."

Mama Sharifah alilisha wajukuu watano kwa hoteli ile. Alileta wembe mpya, akautoa kwenye karatasi yake mwenyewe.

Swadiki alikata juu ya beseni. Wa kidole cha shahada, wa kati, wa pete. Akasita.

"Na hiyo kubwa," alisema Enoch.

Kisha afisa akaandika kwenye fomu: safi. Kidole chake kidogo kilisimama pembeni ya kalamu, na ukucha wake ulikuwa mrefu kuliko zile zote, ule wa kuchokolea nyama menoni. Fomu ilikuwa ya wapishi.

Mzee Swaib alikuwa hajagusa sahani. "Mi sikujua iko ya kazi," alisema, akiangalia ugali. Baadaye akanawa, akala.

Jua liliposhuka Swadiki alikaa nyuma ya jiko na gita lake, mguu juu ya sufuria lililopinduliwa, akapiga kipande cha mtihani. Kuna mahali vidole vitatu vinafuatana mbio, na jana palisikika kama simsim inamwagwa kwenye sinia. Leo ilikuwa nyama ya vidole tu inapapasa nyuzi. Mama Sharifah alikuwa anasugua masufuria hatua mbili kutoka kwake. Mkono wake ukasimama.

"Swadiki, unapiga ama umeshika tu?"

"Napiga, mama."

Mama akainamisha kichwa, akasikiliza, akarudi kwenye sufuria lake. Swadiki alifika mwisho, akaanza tena kutoka mwanzo.