Mkono wa Marehemu Dirishani

Fundi mchora mabango alikufa, lakini mkono wake ulibaki mjini. Mume wa binti yake, mchapaji, alizipiga picha herufi za mabango yote ya mzee, akaziingiza moja moja kwenye kompyuta, na mikia yake mirefu kama moshi wa mshumaa. Wateja wakazigombania kwa kadi za harusi na majina ya maduka. Sasa mjane wake akipita kwa kinyozi, marehemu humsalimia pale mlangoni. Akinunua mkate, yupo kwenye mfuko. Husema, "Mola amrehemu," akaenda zake.

Hata asubuhi moja akapita mbele ya duka la mkwewe. Dirishani limesimama bamba jeupe la kaburi, na juu yake, kwa herufi za kubandika za mkono wa mumewe, jina lake yeye mjane, pamoja na la baba yake mzazi. Chini yake: Amepumzika.

Akashika ukuta. Fundi hakuwahi kumwandikia aliye hai bamba la kaburi. Tajiri mmoja alikuja kujitayarishia lake, akamrudisha mlangoni. "Kumwandika mtu huko ni kumwita kaburini," alikuwa akisema.

Akaingia. Mkwe akainuka kwa furaha.

"Mama, umeliona? La mfano tu hilo. Nimejaribu majina mengi, lako ndilo lenye mikia mizuri."

"Umeniua ili nipendeze?"

"Jamani, mama. Ni kompyuta tu."

"Mkono wa nani?"

Mkwe akajikuna shingo. "Wa baba."

"Basi ameniita."

Akakaa. Kilichomtisha si kifo. Pale nje, kabla hajashika ukuta, aliona raha: kumbe bado ananikumbuka. Tangu mazishi alikuwa akiandaa vikombe viwili mezani. Mtu wa namna hiyo akiitwa mara moja tu, huitika. Na binti yake mimba ya kwanza imeshakuwa nzito, nani atampokea mtoto?

"Lifute," akasema.

"Nalibandua. Sasa niweke la nani? Kila jina lina mwenyewe, na yu hai."

Mjane akalitazama lile bamba. Kaburi la Fundi lilikuwa na kijiti tu. Kila mchoraji aliyeombwa alikataa: nani athubutu kumwandikia yule?

"Andika la mwenye mkono."

Mkwe akasita, kisha akaanza kubonyeza. Jina likajitokeza kwenye skrini herufi kwa herufi, polepole, mkia ukifuata mkia, kama mtu anayeandika huku akijua anachokiandika. Herufi ya mwisho ilipotua, chumba kikapoa. Mkwe akaondoa vidole, akavificha mapajani.

Mjane akalisoma kwa sauti. Akamwombea, na kwa mara ya kwanza akalia kama wanavyolia wafiwa.

"Libandike, kisha mpigie simu mwashi," alisema akijifuta macho. "Alisimamishe bamba kaburini leo, kabla sijaghairi."