Kitanda cha Minza

Nyanjige aliingia Bariadi juu ya lori la pamba, siku kumi kabla ya tarehe ambayo daktari alikuwa amepanga kumpasua mkwe wake. Alikuja na kuku wawili ndani ya tenga, gunia la michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, chupa ya samli, na kanga mbili mpya alizokuwa amezificha sandukuni tangu aliposikia kwamba Minza ana mimba tena.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tano. Ushirika haukuwa tena mnunuzi pekee wa pamba. Wafanyabiashara binafsi walikuwa wamejaa mjini na mizani yao, na mmoja wao alimwajiri Kasmiri, mwana wa mwisho wa Nyanjige, awe mpimaji. Kwa kazi hiyo Kasmiri na mkewe Minza walihama Sapiwi, wakapanga vyumba viwili nyuma ya soko.

Walipokuwa bado Sapiwi, mimba ya kwanza ya Minza iliishia mikononi mwa Nyanjige. Siku mbili nzima Minza alikuwa katika uchungu, na Nyanjige, ambaye aliwazaa wanawe saba nyumbani, alimkanda mgongo na kumwambia asubiri, kila mtoto ana saa yake. Walipomfikisha hospitali kwa mkokoteni, daktari alimpasua akamwokoa mama peke yake. Alisema nyonga za Minza ni nyembamba, na kwamba akibeba tena asingoje uchungu. Minza alirudishwa Sapiwi, akalazwa juu ya ngozi ya ng'ombe kama wazazi wote wa nyumba ile, na kidonda kikafumuka.

Hakuna aliyemlaumu Nyanjige. Hilo ndilo lililomkaa rohoni, kwa sababu angelaumiwa angekuwa na la kujibu. Miaka mitatu alingoja nafasi nyingine ya kumuuguza Minza, amuuguze vizuri, watu waone. Mama mzazi wa Minza asingeweza kuja kulala nyumba moja na mkwewe Kasmiri, ingekuwa aibu. Nafasi ile ilikuwa ya Nyanjige, na alikuwa na hakika nayo.

Alipoingia chumbani alikuta kila kitu kimekwisha tengenezwa.

Kulikuwa na kitanda cha mninga, kilichoinuka kiasi kwamba mtu akiketi ukingoni nyayo zake hukanyaga sakafu bila goti kukunjwa sana. Miguuni mwake ilikuwa imefungwa kamba ya katani, ili mzazi aishike na kujivuta aketi bila kukaza tumbo. Pembeni palikuwa na kiti ambacho seremala alikitoboa katikati, na ndoo chini yake, kwa kuwa mwenye mshono hawezi kuchuchumaa chooni. Jiko la mkaa lilikuwa limeinuliwa juu ya jukwaa la matofali, ili Minza akianza kupika asiiname. Maji yalikuwa yamegawanywa katika madumu madogo, kila moja la mkono mmoja. Hata kanga za zamani zilikuwa zimefuliwa, zikapigwa pasi ya mkaa na kukunjwa juu ya kiti kingine.

Nyanjige aliuliza ni nani aliyewafundisha haya yote.

"Ni mama Muzdalifa, mayu," Minza alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Yeye amepasuliwa mara mbili. Kitanda pia ni chake."

Mama Muzdalifa jina lake lilikuwa Mwanamisi, mke wa Faki mwenye duka la magodoro na mitumba nyumba ya pili. Alikuwa mtu wa Pangani, na Kiswahili chake kilimtoka kama maji ya mtungini, wakati Nyanjige alilazimika kutafuta neno moja moja. Alikuja jioni ile ile, akatoa shikamoo, akamkaribisha Nyanjige kwa heshima zote. Kumkaribisha. Nyanjige aliitikia marahaba huku akijiuliza tangu lini mtu anakaribishwa na jirani katika nyumba ya mwanawe.

Siku zile kumi zilikuwa ndefu. Nyanjige alichinja kuku mmoja, Kasmiri akala, kisha akasema mama Muzdalifa ameshauri Minza ale kidogo kidogo. Alichemsha maji ya kumkanda Minza kiuno, Minza akasema kwa upole kwamba mama Muzdalifa amekataza, na baada ya upasuaji ndiyo kabisa, tumbo lisiguswe. Alitaka kuhamisha jiko chini, mahali ambapo jiko hukaa, Kasmiri akalirudisha juu. Kila alipoweka mkono, alikuta mkono mwingine umetangulia. Hakumchukia Mwanamisi kwa ubaya wowote. Alimchukia kwa kuwa alikuwa sahihi, na kwa kuwa Minza alimwangalia yule mwanamke kwa macho ambayo hakuwahi kumwangalia nayo yeye.

Jioni moja kabla ya siku ya hospitali, Kasmiri alimwomba mama yake abaki kulinda nyumba. Atakayekaa na Minza wodini ni Mwanamisi, kwa sababu anajua mambo ya chumba cha upasuaji na Minza hataogopa. Nyanjige alisema ni sawa. Alikwenda nje akapepeta mtama ambao alikuwa ameupepeta asubuhi.

Mtoto alitolewa salama, wa kike, analia kwa nguvu. Kasmiri alileta habari akikimbia kama kijana. Mchana wanawake wa mtaa walianza kupita kutoa pongezi, na mmoja wao, bila nia mbaya, alimwambia Nyanjige kwamba Minza ana bahati, Mungu amempa mama mwingine hapa mjini. Nyanjige alicheka pamoja naye. Mgeni alipoondoka, aliingia chumbani akakaa juu ya kitanda cha mninga, akakitazama muda mrefu.

Siku ya pili aliifungua ile kamba. Siku ya tatu alikwenda dukani kwa Faki, akamwambia kwamba Kasmiri amepata kitanda kingine, kwa hiyo yeye na wachukuzi wake waje wachukue chao. Ulikuwa uongo, na aliusema bila kumeza mate. Faki alishangaa kidogo, lakini hakuwa mtu wa kubishana na mama wa watu. Kitanda kikaenda, na kile kiti kilichotobolewa kikafuata. Nyanjige alifagia chumba, akatandika ngozi ya ng'ombe aliyoiagiza kutoka Sapiwi, juu yake mkeka, na juu ya mkeka zile kanga zake mbili mpya. Alipomaliza alisimama mlangoni, akaona chumba sasa kinafanana na nyumba yake. Alijiambia kwamba wanawake wote aliowajua walipona karibu na ardhi. Kuhusu kidonda kilichofumuka hakujiambia kitu.

Kasmiri hakuviona vyote hivi. Ulikuwa msimu, alikuwa anashinda kwenye mizani na kulala kwa mwenzake karibu na hospitali.

Siku ya saba Minza aliletwa kwa pikapu ya tajiri wa Kasmiri. Alishuka taratibu, ameinama mbele, mkono mmoja umebana tumbo kwa kanga iliyokunjwa. Mwanamisi alimbeba mtoto. Kasmiri alitangulia kufungua mlango wa chumba, akasimama.

Mwanamisi aliangalia mahali kitanda kilipokuwa, akamwangalia Nyanjige, kisha akaweka mtoto mikononi mwa bibi yake kwa uangalifu, akaaga na kwenda kwake.

Kasmiri aliuliza kitanda kiko wapi. Nyanjige alijibu kwamba kimerudi kwa mwenyewe, na kwamba mzazi wa nyumba yao hulala hapa, akaonyesha mkeka. Kasmiri alifungua kinywa, lakini Minza alimgusa mkono. Alikuwa amelelewa kutomjibu mama mkwe. Alisogea hadi kwenye mkeka, akashika ukuta, akaanza kushuka.

Goti la kwanza lilifika chini. La pili lilipofuata, alisimama hapo hapo, hawezi kwenda chini wala kurudi juu. Jasho lilimtoka usoni. Nyanjige alimpa Kasmiri mtoto, akapiga magoti na kumshika Minza kwapani, na uzito wote wa Minza ukamwangukia begani. Alikuwa anatetemeka, mtetemeko mdogo wa ndani usiokoma, uleule ambao Nyanjige aliusikia kwenye mikono yake Sapiwi, siku mbili, akaambiwa na moyo wake kwamba ni wa kawaida.

"Mayu," Minza alisema karibu na sikio lake, "safari ile nilikuwa sijui. Sasa najua. Siwezi."

Nyanjige alimwinua. Ilichukua muda, na Minza aliuma kanga ili asilie. Walimkalisha kwenye kile kiti kingine kilichobaki, wakamwegemeza mito. Ndipo Nyanjige akamweleza mwanawe, kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini, kwamba alimdanganya Faki. Hakutafuta kisingizio. Kasmiri alimgeuzia mgongo akawa anampepea mkewe, na mgongo ule ulikuwa mgumu kuliko tusi.

Nyanjige alikwenda mwenyewe dukani. Faki alikuwa anakunja magodoro. Aliposikia shida yake alishika kichwa. Kitanda alikwisha kukiuza juzi kwa mfugaji mmoja wa Mwanhuzi, kimepakiwa kwenye lori na kwenda. Aliambiwa hakihitajiki, angefanya nini. Kile kiti kilikuwepo bado, lakini kitanda cha kimo kile hakikuwepo dukani, na seremala angehitaji siku nne.

Mwanamisi alikuwa amesimama nyuma ya pazia na alisikia yote. Alitoka. Nyanjige alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi njia nzima, lakini Kiswahili kilimkimbia, akabaki kusema, "Ni mimi. Nilifanya kwa wivu."

Neno lenyewe lilimshangaza. Hakuwa amewahi kulitaja, hata moyoni.

Mwanamisi hakumwambia kwamba hapana neno. Alikuwa ameumia, na ilionekana. Akamwita Nyanjige aingie ndani, hadi chumba chake cha kulala, akaanza kutoa godoro juu ya kitanda alicholalia na mumewe. Kilikuwa cha mninga pia, cha kimo kile kile.

"Shika upande huo, mama," alisema.

Nyanjige alisema hawezi kuchukua kitanda cha ndoa ya mtu. Mwanamisi alimwambia ashike. Wakakitoa mlangoni kwa ubavu, wakakibeba wawili kupitia mtaa wa nyuma ya soko, watu wakitazama. Katikati ya njia walikiweka chini wapumzike. Hapo Mwanamisi akamsimulia kwamba alipopasuliwa mara ya kwanza, Faki alikuwa safarini kufuata mali, na yeye hakuwa na ndugu hata mmoja Bariadi. Mama yake alikwisha kufa. Alilala chini peke yake na mtoto, akikiona kikombe cha maji juu ya meza asiweze kukifikia. Orodha yote ile, kamba na kiti na madumu madogo, aliitunga siku zile akiwa sakafuni.

"Minza aliponiambia mama mkwe anakuja kutoka Sapiwi na kuku na samli," alisema, "na mimi nilisikia wivu. Usidhani ni wewe tu."

Kisha akainua upande wake, na Nyanjige akalazimika kuinua wake.

Minza alilala kitandani kabla jua halijatua, kamba ikiwa imefungwa upya na Nyanjige mwenyewe, kwa fundo ambalo hufungia ndama. Mshono haukufumuka. Mwanamisi na Faki walilala chini siku nne, hadi seremala alipomaliza kitanda kipya. Nyanjige alizihesabu siku hizo moja moja. Hata katika wema yule mwanamke alimshinda, na alijua kwamba hili atalibeba maisha yake yote. Lakini kila alfajiri alichota maji ya nyumba mbili. Ndoo ya kwanza aliipeleka mlangoni kwa Mwanamisi, akabisha hodi mara moja, akaondoka kabla ya kufunguliwa. Siku ya tano mlango ulikuwa wazi, na kikombe cha chai kilikuwa kinamngoja kizingitini.

Kasmiri hakuzungumza naye kwa juma zima, ila kwa mambo ya lazima. Siku ya nane alirudi kutoka kwenye mizani amemnunulia kilo ya sukari, akaiweka mbele yake bila neno, naye akaipokea bila neno. Baba yake naye alikuwa hivyo.

Kazi ya kumwosha mtoto waligawana. Asubuhi ilikuwa ya Mwanamisi, jioni ya Nyanjige. Alijifunza kumgeuza Minza kwa ubavu, magoti yakiwa pamoja, na alijifunza kumpa mtoto anyonye akiwa amelazwa kwapani ili asikanyage mshono. Mtoto aliponyamaza haraka mikononi mwa Mwanamisi, bado kitu kilimchoma Nyanjige chini ya mbavu. Alikiacha kichome, akatoka nje kuanika nepi.

Katika juma la tatu, alipokuwa anamlisha Minza uji, alimsimulia jinsi baba yake Kasmiri alivyokuja kumposa, akaanguka na baiskeli mbele ya wakwe na kujifanya anakagua majani. Alimwigiza, ameinama, anachunguza jani moja kwa umakini wa bwana shamba. Minza alianza kucheka. Akashika mshono, akamwomba mayu anyamaze, akazidi kucheka hadi machozi yakamtoka.

Dirisha lilikuwa wazi. Nyumba ya pili Mwanamisi alikuwa anafagia, na ufagio wake ukasimama. Nyanjige alijua kwamba amesikia. Alikoroga uji, akaendelea na hadithi, kwa sauti kubwa kidogo, ifike hadi nyumba ya pili.