Skrubu ya Stovu Iliyopanda Makindye

Kila neno nitakaloandika hapa ni kweli. Naapa kwa haya magoti yangu mawili, ambayo ndiyo mali niliyotoka nayo katika miaka thelathini na minane ya ufundi wa magari, na moja limeshaanza kukataa kazi. Mwenye shaka aje Kibuli aulize nyumba ya Taban fundi, nyuma ya msikiti, mlango wa kijani. Akikuta nimetoka, amuulize mke wangu Nusura. Hapana, Nusura msimuulize. Nyumbani kwetu kuna sheria aliyoitunga yeye: anayekamatwa na uongo anapiga magoti, anapampu stovu na kuwapikia chai wote waliopo. Magoti haya hayakuharibiwa na magari peke yake.

Ilikuwa mwaka sabini na sita. Sukari ilikuwa ya magendo, sabuni ya magendo, na mtu akikohoa karibu na kizuizi cha jeshi, wenzake walimtazama kama amelipua kitu. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na minne na nywele kichwani, na nikikumbuka siku zile, nakumbuka kwanza harufu ya chai ya tangawizi ikichanganyika na mafuta ya breki. Gereji yetu ilikuwa chini ya mlima wa Makindye. Hatua mia mbili juu, kwenye kona ya kwanza, binti mmoja wa Kinubi aliuza chai chini ya bati moja. Huyo ndiye Nusura. Nilikuwa nakunywa vikombe saba kwa siku na bado nilikuwa na kiu.

Mwenzangu gerejini alikuwa Okullo, mtu wa Lira, mrefu, mpole, aliyeweza kusikia valvu mbovu kutoka upande wa pili wa barabara. Mkewe Acen alikuwa amejifungulia kwao, na Okullo alikuwa hajamwona mtoto, miezi mitatu sasa. Kwenda alitaka, lakini kwenda vipi? Mtu mwenye jina la Lira kama lake, jina ambalo jeshi lililiwinda, hakuvuka vizuizi vyote mpaka daraja la Karuma, njia ya kwao, bila barua ya ofisa wa jeshi. Barua alishaiandikisha kwa mpiga chapa wa Wandegeya. Ilikosa sahihi tu, na kwa wiki mbili ilikuwa imekaa katika mfuko wa shati wa Kapteni Dawudi.

Kapteni Dawudi alikuwa na gari la Kijerumani lenye turbo, milango miwili, jeupe, lililoachwa na Mzungu mmoja aliyeondoka nchini haraka kuliko gari lenyewe. Hapakuwa na jingine kama hilo Kampala nzima. Hata hivyo, mara mbili alikuwa ameshindana kupanda mlima wa Makindye na meja mmoja mwenye gari kubwa la silinda nane, na mara mbili alikuwa ameshindwa mbele ya watu.

Jumatatu moja akaja gerejini, akakaa juu ya tairi.

"Watu nacheka," akasema.

"Hatujasikia mtu anayecheka, afande," nikasema.

"Mimi nasikia. Usiku nalala, nasikia." Akatoa ile barua, akaipepea kama feni. "Okullo, hii si yako?"

"Ni yangu, afande."

"Ijumaa saa kumi tunapanda tena. Gari yangu natangulia, mimi nasaini. Gari nashindwa..." Akaikunja barua polepole, akairudisha mfukoni. "Wewe takaa ndani ya gari na mimi. Kama iko kitu napasuka, napasuka na fundi."

Kapteni alipoondoka, Okullo aliendelea kusafisha plagi ileile kwa muda mrefu. Mwishoni akasema, "Taban, ndugu yangu, sijui hata kama ana nywele."

"Nani, kapteni?"

"Mtoto."

Sasa, kwa asiyejua, turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa injini, nayo inaisukumia injini hewa kwa nguvu. Ili isije ikaipasua, kuna kimlango pembeni cha kutorokea moshi. Kimlango kinafunguliwa na kikopo chenye springi, na kikopo hupata habari za hewa kwa mpira mwembamba. Hewa ikizidi, habari inafika, kimlango kinafunguka, feni inatulia. Kwa hiyo anayetaka nguvu zaidi lazima akidanganye kikopo: atoboe njia, hewa kidogo ivuje, habari ifike imepungua. Na kudanganya ndiyo kazi niliyozaliwa nayo.

Kutoboa ni rahisi. Tabu ilikuwa kupata kitu cha kupimia huo uvujaji, kitu kidogo cha shaba kinachofungwa na kufunguliwa bila kupitisha hewa ovyo. Madukani hapakuwa na hata msumari. Nikawa nimekaa kwa Nusura na kikombe cha tano, natazama stovu yake ya pampu inavyonguruma, na macho yakatua kwenye ile skrubu ndogo kando ya tanki. Ukiikaza, hewa inabaki ndani na moto unapanda. Ukiifungua, hewa inatoka fyuu na moto unazimika.

"Nusura," nikasema, "niazime skrubu ya stovu."

"Nichemshie chai kwenye nini? Kwenye hizo ndevu zako tatu?"

"Tumia sigiri ya mkaa mpaka Jumamosi. Ni kwa ajili ya Okullo."

Akanitazama, akazima moto, akaifungua skrubu kwa vidole akaniwekea kiganjani. Ilikuwa bado na joto. "Jumamosi," akasema. "Ukiipoteza utanijua."

Okullo akachonga kibomba cha shaba chenye njia tatu, akakipachika katikati ya ule mpira wa kikopo, mimi nikafunga skrubu. Alhamisi tulipoijaribu gari lilikuwa zito kama ng'ombe mwenye mimba, lakini hiyo ilikuwa makusudi. Nilikuwa nalipumzisha.

Ijumaa, baada ya swala, watu walijaa barabarani kutoka Kibuye hadi juu. Nilifungua boneti mbele ya kila mtu, nikavuta pumzi, na kwa sikio tupu, bila geji, nikaifungua skrubu mzunguko mmoja na robo. Si mmoja kamili. Si mmoja na nusu. Kisha nikafunga boneti na kumwambia kapteni, Okullo akiwa ameshaketi kando yake, "Afande, shika usukani kwa mikono miwili."

Bendera ikaanguka. Mwanzoni meja alitangulia, kwa kuwa nilikuwa nimeliagiza gari lisionyeshe siri yake mapema. Lakini baada ya kona ya kwanza, jamani. Lilitoa mlio wa filimbi ambao mbwa wa Makindye wanauota mpaka leo. Kuku waliokuwa upande wa kushoto wa barabara walibaki na manyoya upande mmoja. Vumbi la gari lile lilifika juu Jumatatu. Mwadhini mmoja alipoteza kofia, na ikaonekana Entebbe imevaliwa na mtu mwingine. Meja alipofika kileleni, kapteni alikuwa ameshashuka, amekojoa, na amechana nywele.

Injini ilikufa hapohapo juu, kwa moshi mweupe na kishindo kimoja, lakini ilikufa mshindi. Kapteni alitoa barua akaisaini juu ya boneti, na wino ukakauka kabla hajainua kalamu. Okullo aliondoka jioni ileile. Alinishika mkono kwenye lori la mahindi, na lori lilipoanza kwenda alikuwa bado ameushika, nikakimbia naye kidogo.

Asubuhi kapteni alitambua kwamba ushindi haukumpa injini nyingine, na mimi nikaenda kumtembelea shangazi yangu kule Bombo kwa miezi minne. Skrubu ilibaki kwenye gari. Mwaka sabini na tisa, serikali ilipoanguka na kapteni akakimbia, skrubu ilivuka mpaka pamoja naye, na nasikia kuna mafundi Congo wanaoiiga hadi leo bila kuiweza.

Hapo ndipo nilipokuwa nimeimaliza hadithi hii, na hapo ndipo ningeiacha, kama jana nisingewasomea Nusura na Okullo.

Okullo huja kila mwaka, mzee mwenye mkongojo sasa, na kopo la odii, siagi ya karanga na ufuta aliyosaga Acen. Alikaa kwenye kiti cha mbao, mimi nikasoma kwa sauti kutoka kwenye daftari. Nusura alikuwa uani anachemsha chai kwenye stovu, mlango uko wazi. Nilipofika kwenye mafundi wa Congo, mngurumo wa stovu ukazimika. Fyuu.

Akaingia. Akaweka kitu juu ya daftari langu, kidogo, cha shaba, bado kina joto.

"Hii ndiyo iko Congo?" akauliza.

"Skrubu zinafanana, mke wangu."

"Zinafanana. Ila hii marehemu mama aliitia alama tatu za tupa kichwani kwa kuwa ilikuwa inateleza mkononi. Zihesabu."

Sikuzihesabu. Nilizijua.

"Nilikuwa konani na sigiri yangu," akasema, akimgeukia Okullo kana kwamba mimi ni kabati. "Magari yakaja. La meja mbele, lenu nyuma linakohoa kama mgonjwa. Likaruka kwenye shimo, kitu kikachomoka, kikaanguka kwenye lami, tii, kikaja mpaka miguuni kwangu. Hapo ndipo gari lilipopiga filimbi."

Okullo aliweka kikombe chini. "Ilianguka kabla?"

"Kabla. Huyu bwana alikuwa ameikaza mpaka mwisho. Alijua stovu tu. Stovu ukikaza, moto unapanda; kumbe gari ukikaza, hewa haivuji na gari linalala."

"Taban," akasema Okullo, "uliikaza?"

Nikatazama dari. "Kidogo."

"Na Alhamisi, ng'ombe mwenye mimba?"

"Ndiyo hivyohivyo."

Alizungusha mkongojo wake sakafuni, na mimi niliuogopa ule mkongojo kuliko nilivyomwogopa kapteni. Miaka yote hii mtu ameniletea odii akiamini maisha yake yalipita kwenye vidole vyangu. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. "Kwa hiyo mwanangu nilimwona," akasema, akifuta macho, "kwa sababu barabara ya Makindye ilikuwa na shimo."

"Nusura," nikasema, "kwa nini hukusema siku zote hizi?"

Akaokota skrubu, akaipangusa kwa kanga. "Ulirudi kutoka Bombo umebaki mifupa. Ukaja kuniposa. Hukuwa na ng'ombe, hukuwa na shati la pili, ulikuwa na habari ya mzunguko mmoja na robo tu. Ningekunyang'anya na hiyo?"

Okullo alitazama chini, kama mtu aliyekutwa chumbani kwa watu.

"Lakini leo umeiandika kwenye daftari," akasema Nusura, "na daftari watu watasoma." Akaninyooshea skrubu.

Basi nikaenda uani. Nikapiga magoti, haya haya niliyoapa kwayo, moja likilia kama bawaba. Nikaifunga skrubu, nikaikaza mpaka mwisho, nikapampu mara thelathini, Nusura akihesabu kutoka mlangoni. Kikombe cha kwanza nilimpa yeye, kwa mikono miwili, kama sheria inavyotaka. Cha pili Okullo. Nusura alionja, akatikisa kichwa, akanirudishia.

"Haina tangawizi," akasema.

Nikapiga magoti tena.