Dodoso la Bi Hewa

Aliyemponza Bi Hewa ni mhariri wa jarida la wanafunzi, kijana mwenye maneno matamu na uvivu uliokubuhu. Mwaka jana alijitolea kumkusanyia madodoso ya makala yake kuhusu maji ya bwenini. Kumbe aliyajaza mwenyewe, akibadilisha kalamu, huku amejinyoosha kitandani kwa shangazi yake. Matroni alipolalamika kwamba waliojibu ni wengi kuliko wanaolala bwenini, mwalimu mlezi wa jarida aliuliza majibu yametoka wapi. Mhariri hakupepesa macho. "Muulizeni mwandishi," akasema.

Mwandishi alikuwa Bi Hewa. Akaondolewa jaridani, na wenzake wakambandika jina la takwimu zake hewa. Alilia mpaka akachoka, kisha akafuta machozi na kuweka kinyongo chake mahali salama.

Mwaka huu mlezi alimrudisha kwa majaribio. Makala ilihusu mahali pa kujisomea, na kikao kilikuwa cha kuchagua njia ya utafiti. Mmoja alitaka mahojiano ya ana kwa ana. Mwingine alisema waende wakakae kwenye vyumba hivyo wajionee. Mhariri alipiga miayo. Bi Hewa akasema, kwa upole uliomshangaza hata yeye, kwamba dodoso linatosha, na kwamba makala nzito kama hii inastahili jina la mhariri kama mwandishi. Mhariri akavimba kichwa papo hapo. Hata madodoso, alisema, atayagawa mwenyewe.

"Usijali, dada. Niachie mimi."

Maswali aliyatunga Bi Hewa. Moja liliuliza kama taa za chumba cha kusomea cha ghorofani zinatosha. Chumba hicho kilishageuzwa stoo ya viti vibovu tangu likizo, na kila anayelala bwenini alijua, maana walibebeshwa viti hivyo wenyewe. Mhariri alikuwa bado analala kwa shangazi. Angemuuliza mwanafunzi yeyote wa kweli, angechekwa na kuambiwa. Mlango huo Bi Hewa alimwachia wazi, akaomba kwa moyo wote asiupite.

Hakuupita. Hakuwa amejifunza kitu, kwa kuwa mwaka jana aliyeumia ni mwingine. Kikaoni alisoma matokeo kwa madaha: wengi wameridhika na taa za ghorofani, ila wachache wanaomba feni. Nyuma mtu akaguna. Mlezi, ambaye funguo za stoo ile zilikuwa mkobani mwake, akavua miwani na kuuliza feni zinaombwa na wanafunzi au na viti.

Mhariri akababaika. Macho yake yakazunguka chumba kizima, yakatua kwa Bi Hewa, yakimwomba amwokoe. Bi Hewa aliyatazama bila haraka. Alisikia raha, tena raha ya mtu aliyevua kiatu kilichombana mwaka mzima.

Mlezi naye akamgeukia. "Wewe ndiye uliyetunga maswali. Haya majibu yametoka wapi?"

"Muulizeni mwandishi, mwalimu," akasema Bi Hewa.