Fundi na Betri ya Moyo

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, na mbishi wa kuzaliwa. Moyo wake ulipiga ovyo hata kabla hajabadilishiwa vali. Baada ya upasuaji daktari alitaka kumwekea betri ya moyo kifuani. Akakataa katakata, maana mwenye betri hiyo huambiwa akae mbali na mashine ya kuchomelea.

“Moyo wangu unajipigia wenyewe,” alisema.

“Haya, tuone,” daktari akajibu, akazima kidude cha muda kilichokuwa kikiusukuma moyo huo kwa waya.

Mstari wa mapigo kwenye skrini ukalala. Macho ya mume wangu yakapinduka.

“Washa, daktari,” nikasema. “Washa.”

Akawasha. Mume wangu akazinduka, anatabasamu.

“Si mmeona? Unajipigia.”

Mimi nilikuwa nachomoa ufunguo wa karakana yake ya kuchomelea kwenye funguo zake.